Shingo ya Kassimu, Masikio ya Ramadhani

Siku ya kuniaga, ninyi vijana wa chumba cha upasuaji mlinipa keki, doti ya kanga na saa ya ukutani inayokimbia mbele. Mmoja wenu akaniuliza, mdomo umejaa keki, kama ni kweli zamani tulishona watu kwa uzi wa kuvulia samaki. Nikasema ndiyo, tulikuwa tunauchemsha kwanza, na nikaona uso wake unavyobadilika. Tangu siku hiyo niko nyumbani, hakuna simu ya zamu, na bado kila nikikaa kula nahisi kuna mgonjwa niliyemsahau mahali. Nimeona niandike, pengine wasiwasi utapata kazi. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo viliandikwa mlangoni, mnavijua; mishahara haina hadithi ndefu.

Nilianza wakati wa vita, msichana wa mtaa wa Buyenzi mwenye diploma mpya. Kila mtu Bujumbura alikuwa na wasiwasi miaka ile, lakini mimi nilikuwa nao wa ziada. Niliweza kuhangaika juu ya jambo, kisha nikahangaika kwamba sijalihangaikia vya kutosha. Siku yangu ya kwanza nilinawa mikono kwa ajili ya upasuaji, nikadhani kiwiko kimegusa bomba, nikaanza upya. Nikadhani kimegusa tena. Nilipoingia hatimaye, nikiwa nimeinua mikono kama mtu aliyetekwa, Daktari Nestor alikuwa anafunga ngozi.

Akanitazama juu ya barakoa. "Karibu, Dokta Shadia. Sijawahi kuona mikono safi hivi. Sasa shika mkasi, ukate uzi."

Godeliva, muuguzi aliyekuwa akimpa vyombo, alicheka mpaka barakoa ikatikisika. Nilikata uzi mfupi mno, fundo likafunguka. Nilikata mwingine mrefu mno. Nestor aliendelea kuimba puani, wimbo wake usio na mwanzo wala mwisho. Baadaye niliambiwa hiyo ndiyo dira ya chumba kile. Nestor akiimba, mambo ni mazuri. Akinyamaza, Godeliva anaandaa koleo za kubana damu bila kuombwa.

Nestor alikuwa mfupi, mwenye viatu vya mpira vilivyozidi mguu, na chai yake ilikuwa sukari iliyoloweshwa maji. Vyombo aliviomba kwa Kifaransa, hasira aliitoa kwa Kirundi, na wagonjwa wa Buyenzi alizungumza nao Kiswahili alichojifunza sokoni, akakipenda kuliko kilivyompenda yeye. Alinifundisha kuushika mwili polepole. "Usivute," alikuwa akisema. "Uliza kwa kidole. Tishu itakujibu." Mimi niliyekuwa nauliza kila kitu mara kumi, hatimaye nilikuwa nimepata kazi inayotaka mtu wa kuuliza.

Kisha vikwazo vikaja, nchi jirani zikafunga mipaka, na mafuta na dawa vikawa hadithi. Glovu tulizifua, tukazianika kama soksi za watoto. Nyuzi tulinunua kwa watu wa ziwani. Na kila jenereta ilipokufa, tulimwita Kassimu.

Kassimu alikuwa fundi magari, gereji yake haikuwa mbali na nyumbani kwetu. Alikuwa anakuja na mfuko wa spana, anasalimia jenereta kabla ya kusalimia watu, na kabla chai haijapoa taa zinawaka. Siku moja chuma chetu cha kushikilia kidonda kiwe wazi kilivunjika, chuma tunachokiita ekarta. Kassimu akachukua upawa wa chuma wa kupakulia wali, akaukunja gerejini, akaung'arisha, akaleta. Nestor akaugeuza mkononi. "Huyu anapasua?" akauliza. "Apana, Dokta," Kassimu akajibu, "huyu anapakua. Lakini mumufundishe."

Kazi ya pili ya Kassimu ndiyo iliyomfanya ajulikane: alikuwa mwadhini wa msikiti wetu. Mtu asiyeishi Buyenzi miaka ile hawezi kuelewa sauti ile ilikuwa kitu gani. Milio ya risasi ikitokea upande wa mtaa wa Mutakura usiku, asubuhi hakuna aliyejua kama njia iko wazi. Watu walingoja adhana ya alfajiri. Kassimu akiivuta ndefu, imetulia, wanawake wanawasha makaa na maduka yanafunguliwa. Akiifupisha, tunabaki ndani. Hakuna aliyewahi kumpa kazi hiyo. Watu walijizoesha tu kumsikiliza hivyo. Mama yangu alikuwa ananifungulia mlango na kusema, "Kassimu amevuta pumzi vizuri leo. Enda kazini."

Sasa, Kassimu alikuwa na goita, nundu ya shingoni, aliyoifunika kwa skafu hata wakati wa joto. Ilikua polepole, akaizoea kama mtu anavyozoea mpangaji. Lakini ilianza kukua kwenda ndani, ikakandamiza bomba la pumzi. Akawa halali ila ameketi. Aliyemleta hospitali, karibu kwa nguvu, ni kaka yake mkubwa Ramadhani, muuza matairi na vipuri, mtu mnene mwenye sauti ya kuamrisha ambaye aliwalea wadogo zake baada ya baba yao kufa.

Hapa inabidi niwaeleze jinsi tulivyofanya kazi, maana ninyi mmezoea mengine. Wakati ule mgonjwa hakuambiwa maneno mazito. Daktari alitoka kwenye korido, familia ikamsukuma mbele mkubwa wao, na yeye ndiye aliyeambiwa. Mgonjwa aliachiwa kazi ya kupona. Hakuna aliyeona ni vibaya. Kumwambia mgonjwa usoni mwake kwamba huenda akaharibika kulikuwa kama kumtakia. Mkubwa wa familia alipokea maneno, akaamua yapi yafike kitandani, na kwa kawaida hayakufika.

Kwa hiyo Nestor alimwita Ramadhani kwenye korido, nami nikiwa nimesimama pembeni.

"Mzee Ramadhani, hii goita tukiiacha itamunyonga. Lazima itoke. Lakini nyuma yake kunapita kamshipa kadogo sana ka sauti. Kanaweza kuumia hata kama nafanya vizuri. Sauti inaweza kuharibika, na inaweza isirudi. Unanisikia?"

"Nakusikia, Dokta."

"Kazi yake ni sauti. Lazima ajue."

"Mi ndiye mukubwa wake," Ramadhani akasema. "Niachie mi."

Nestor akamwachia, kama daktari yeyote wa mji ule angefanya.

Upasuaji ulikuwa mgumu. Goita ilikuwa imejikunja nyuma ya bomba la pumzi, na ule mshipa ulikuwa umevutwa juu yake kama uzi juu ya mpira. Nestor aliutafuta kwa subira, akaupata, akanionyesha. "Huyu hapa. Msalimie, halafu usimguse." Kisha damu ikatoka mahali pasipoonekana, na Nestor akaacha kuimba. Godeliva tayari alikuwa ameshika koleo. Damu ilikoma, goita ilitoka nzima, Kassimu alikuwa anapumua bila kupiga filimbi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alipoamka, Nestor alimwinamia.

"Kassimu, sema kitu."

Midomo ilitikisika. Kilichotoka kilikuwa upepo.

Tulisema ni mpira wa kupumulia umemkwaruza koo, ngoja siku chache. Tulingoja. Kisha Nestor akaingiza kioo kidogo kooni na kuniita nitazame: upande mmoja wa sauti ulikuwa unacheza, mwingine umelala. Mshipa haukukatwa. Ulivutika, au ulichoka, au koleo ilikuwa karibu mno wakati wa damu. Nimelifikiria jambo hili miaka yote ya kazi yangu na sina jibu bora kuliko nililokuwa nalo siku ile. Kuna madhara yanayotokea mkononi mwa mtu mzembe, na kuna yanayotokea mkononi mwa mtu mwangalifu, na kwa mgonjwa yote yanafanana.

Kassimu alitutazama kitandani mwake. "Mulijua inaweza kuwa hivi?" akanong'ona.

Nestor akasema, "Inatokea, ndiyo."

"Hakuna mutu aliniambia. Kama mungeniambia, ningebaki na nundu yangu."

Nilimtazama Ramadhani, aliyesimama miguuni mwa kitanda. Ramadhani alikuwa anatazama chupa ya chai.

Siku zote hizo adhana ya alfajiri ilitoka kwa mtu mwingine, kijana mwenye haraka, na Buyenzi ikachanganyikiwa. Mama akasimama mlangoni hajui kama anifungulie. Haikupita muda watu wakaanza kusema. Kwanza walisema daktari amekosea. Kisha wakasema hakukosea, amefanya makusudi, na wakataja kabila lake. Miaka ile maneno ya namna hiyo hayakuwa maneno tu. Watu walikuwa wanakufa kwa machache kuliko hayo. Jamaa mmoja wa familia alikuwa wakili, akapeleka habari kwamba hospitali itashtakiwa na Nestor azuiwe kupasua. Mkurugenzi wetu, mtu aliyeogopa kelele kuliko risasi, akamzuia kabla hajalazimishwa. Majeruhi walikuwa wanaletwa kila siku, na mpasuaji bora niliyewahi kumjua alikuwa amekaa ofisini akikoroga sukari.

Mkurugenzi akaniita. "Ulikuwa kwenye korido Nestor alipomwambia yule kaka?"

"Nilikuwepo."

"Basi imekwisha! Utasimama useme. Familia iliambiwa, ikaficha. Watashikana wao kwa wao."

Nilitoka. Nikisema, Nestor anarudi kazini, na pengine anabaki hai. Lakini Kassimu atajua kwamba aliyemnyamazia ni ndugu aliyemlea. Nikinyamaza, ndugu watabaki ndugu, na Nestor ataharibikiwa kwa kosa ambalo si lake, au si lake peke yake. Nililipima jambo hili njiani, nikalipima nikila, nikalipima mpaka Mama akaniuliza kama nina minyoo.

Mwishowe nilikwenda dukani kwa Ramadhani. Alikuwa ameketi katikati ya matairi yake. Hakujifanya haelewi.

"Nilijua utakuja. We ni mutoto wa hapa, hungeanza kwa polisi."

"Baba Ramadhani, watanikalisha waniulize. Mi sijui kusema uongo. Nikijaribu nakohoa."

"Sikukuambia useme uongo."

"Kwa nini hukumwambia?"

Alipitisha kidole kwenye meno ya tairi. "We ulilala kwenu, Dokta. Mi chumba changu na chake vinagusana. Nilikuwa namusikia anavyotafuta pumzi. Ningemwambia habari ya sauti, angekataa. Unamujua. Angekufa ameketi, na adhana yake mukononi." Kisha akasema polepole, "Akijua, hatanisamehe. Mi sina mwengine. Wengine wote walikwisha kwenda, wako makaburini ao wako Tanzania."

Nilinunua ventili ya baiskeli. Sina baiskeli.

Nilimsimulia Nestor kila kitu, nikitumaini ataniamulia. Aliweka kikombe chini.

"Wazee wa msikiti wameniita gerejini kwa Kassimu, baada ya alasiri. Tutaenda. Na wewe usimtaje Ramadhani."

"Lakini Docteur, ukweli—"

"Ukweli ni kwamba nilimwambia mtu ambaye shingo si yake. Hilo nitalisema mwenyewe."

Mkurugenzi alisema hospitali haiendi gerejini. Alituma dereva wake tu, asubiri nje na injini inawaka, jambo la anasa katika uhaba ule wa mafuta. Tuliingia kwa miguu. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, hawakutusalimia. Ndani walikuwa imamu, wazee wachache, wakili na mkoba wake juu ya magoti, Ramadhani ukutani, na Kassimu amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, skafu shingoni ingawa hapakuwa na kitu cha kuficha tena ila kovu.

Wakili akaanza. "Docteur, mgonjwa aliambiwa kwamba anaweza kupoteza sauti?"

"Apana," Nestor akasema.

Mlangoni wakaguna. Wakili mwenyewe alishtuka. Alikuwa amejiandaa kwa jibu refu.

"Alikuwa na haki ya kujua?"

"Ndiyo. Shingo ni yake. Nilipaswa kukaa mbele yake nimwambie, sikukaa. Kisu nilikishika vizuri. Maneno niliyashika vibaya."

"Kuna mtu mwingine yeyote aliyeambiwa?"

"Hilo halibadilishi kitu."

"Linabadilisha, Docteur. Sana." Wakili akageuka. "Na wewe, Dokta Shadia. Nasikia madaktari huongea na familia. Ulikuwepo?"

Macho yote ya gereji yakanijia. Nilifungua mdomo. Nakumbuka harufu ya grisi, na nakumbuka kwamba nilianza kukohoa.

"Muache huyo mutoto," Ramadhani akasema. "Mi niliambiwa."

Ramadhani akajitoa ukutani, na mwili wake mkubwa ukaonekana haujui ukae wapi.

"Dokta aliniambia yote. Akaniambia lazima Kassimu ajue. Nikasema niachie mi. Sikusema."

Kassimu alimtazama. "We ulijua?" Ilibidi wote tuinamishe vichwa ili tumsikie.

"Nilijua."

"Na ukanisindikiza mpaka mulangoni. Ukanishikia viatu."

"Nilikuwa nakusikia unavyolala, Kassimu. Nilichagua nikuone unaishi."

"Ulichagua kwenye shingo yangu."

Imamu alitaka kuingilia, Kassimu akainua kiganja, na imamu akakaa. Kisha Kassimu akamgeukia Nestor.

"Itarudi?"

Nestor alitafuta kiti, hakukiona, akavuta tairi akaketi juu yake, magoti yake yakigusana na ya Kassimu. Akamwambia yote: mshipa uko wapi, damu ilitoka wapi, yeye alifanya nini, nini huenda kiliuumiza. Sauti huenda ikarudi yote, huenda ikarudi nusu, huenda isirudi kabisa. Watajua baada ya miezi. Ya adhana, asiitegemee. Alisema bila kupamba, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, na hakuna aliyemcheka.

"Rudia," Kassimu akanong'ona.

Nestor akarudia, tangu mwanzo.

Kassimu akafikiri. Kisha akamwambia wakili, "Asante, Maître. Enda nyumbani."

"Lakini dosye ya kesi—"

"Sauti ilikuwa ya kwangu. Na dosye ni ya kwangu."

Watu wa mlangoni walitupisha. Mmoja akamwambia Nestor "mwendo mwema", na mimi nikajua atalala salama. Kassimu hakumwambia Ramadhani neno lolote, si siku ile, si mwezi ule.

Nestor alirudi kupasua. Sauti ya Kassimu ilirudi nusu: yenye mikwaruzo, ya kutosha kubishana bei na kulaani kabureta, lakini si ya kupanda juu ya paa za Buyenzi. Alikuja kutengeneza jenereta kama zamani. Ila kuna kigoda kilichohamia wodini siku zile, na Nestor alikuwa anakibeba mwenyewe kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Familia zilikasirika. Mzee mmoja aliniambia, "Huyu daktari wenu hana adabu, anamwambia mugonjwa!" Nami nilijifunza kuketi na kusema, na nikagundua kwamba wasiwasi wangu, ambao chuoni ulikuwa kilema, wagonjwa waliupenda. Nilikuwa nimekwisha kufikiria kila baya linaloweza kutokea. Waliniuliza, nilikuwa na majibu.

Miaka ikapita, vita vikaanza kuchoka, na siku moja Kassimu aliingia wodini akimshika mtu mkono. Alikuwa Ramadhani, mwenye ngiri iliyofika ukubwa wa nazi. Nilijua kutoka kwa Mama kwamba kwa muda wote ule walikuwa wanasalimiana kupitia kwa watoto. Lakini maumivu yalipozidi, Ramadhani alikuwa amegonga ukuta wa chumba, na Kassimu alikuwa amekuja.

Nestor akaleta kigoda, akaketi kando ya kitanda. Ramadhani akakitazama kile kigoda kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

"Dokta, hayo mambo mwambie Kassimu. Yuko hapo."

"Apana," Kassimu akasema kwa ile sauti ya mikwaruzo. "Tumbo ni la kwako."

"Mi ni muzee! Moyo wangu hauwezi. Mutaniambia nikisha amka." Na akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe.

Kassimu akainama juu ya kitanda. Akamshika vile viganja, akavishusha taratibu, na hakuviachia. Aliendelea kuvishika wakati wote Nestor alipokuwa akisema habari ya damu, ya usaha, ya ngiri kurudi, ya dawa ya usingizi na umri wake. Ramadhani alisikiliza mpaka mwisho, jasho likimtoka.

"Sasa mutu analala vipi na maneno kama haya?" akauliza.

Kassimu alivua viatu. Akakunjua mkeka, akautandika sakafuni kando ya kitanda cha kaka yake.

"Mi niko hapa. Ukiogopa, niite," akasema. "Kupaza siwezi. Kusikia naweza."